Mbwa Aombe Kutoka Nje

Wanakikundi, wengi wetu hulaza mtoto wa mbwa ndani ya nyumba. Lakini mavi yake mara nyingi huwa na mayai ya minyoo, na watoto wetu wanatambaa hapo hapo sakafuni. Basi tumfundishe hivi:

1. Tumtoe kila anapoamka na kila amalizapo kula, mahali pale pale.

2. Tufunge kengele ya mbuzi chini mlangoni. Kabla ya kufungua, tuiguse kwa mguu wake.

3. Akijisaidia nje, tumsifu papo hapo. Akichafua ndani tusimpige; atajifunza kujificha tu.

4. Mavi tuyafukie mbali na kisima, kisha tunawe kwa sabuni.

Baada ya majuma kadhaa ataipiga mwenyewe.

Swali: Akiipiga usiku wa manane, nani ataamka? Mkubaliane leo nyumbani.