SIMU, KITI NA KILO ZA MAMA

Mama mpenzi, siku ya kupima kilo za mtoto, panda wewe pia juu ya mizani. Kama urefu wako ni mita 1 na sentimita 60, nawe huna mimba, uzito wa kupita kiasi unaanzia kilo 64. Kwenye kilo 77 ni unene kabisa, na hatari ya tansio na ugonjwa wa sukari imeongezeka.

Huku Kasugho, mama anayepanda mlima kwenda shamba na kurudi na kuni na mihogo, mtoto mgongoni, hana haja ya somo hili. Lakini wengi walikimbia vita, wakaacha mashamba, sasa wanapanga nyumba Butembo au Beni. Sokoni wanaenda kwa pikipiki. Jioni, megabaiti zikiingia, ni WhatsApp na video mpaka usiku wa manane.

Je, simu inanenepesha? Simu yenyewe haina mafuta. Inatuweka kitini tu. Mwili uliokaa hutumia nguvu kidogo, na chakula kisichotumika hugeuka mafuta. Tena, macho yakiwa kwenye video, mkono unaenda kwenye sahani bila tumbo kuulizwa: andazi moja, lingine, halafu soda. Na mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa zaidi.

Sisemi utupe simu. Habari za ndugu na za usalama wa barabara zinapita humo. Ujumbe wa sauti wa dada yako, usikilize ukifua au ukifagia uwanja. Mwaka 2020 OMS ilishauri mtu mzima atembeze mwili dakika 150 hadi 300 kwa juma. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha kuanzia. Kwenda soko kwa miguu, kuchota maji, kulima lengalenga nyuma ya nyumba, vyote vinahesabiwa.

Wako wanaosema mama mnene ni sifa ya bwana wake. Mimi nimewauguza waliopooza upande mmoja kwa sababu ya tansio; sikuona sifa ya bwana yeyote pale kitandani.

Mtoto asiyetimiza miaka 2 asipewe simu ya kuangalia. Wa miaka 2 mpaka 4, isipite saa 1 kwa siku, wala isiwe wakati wa uji.

Wewe mwenye mimba, usijinyime chakula ili upungue. Njoo kwanza CPN, tukupime kilo na tansio.