SOMO: Ukumbi wa mawe wa Epidaurus na ombi la wakimbizi

Katika mkoa wa Argolis, huko Ugiriki, kuna ukumbi wa maigizo uliojengwa kwa mawe mlimani miaka zaidi ya 2,300 iliyopita. Unaitwa Epidaurus. Una safu 55 za viti, na watu 13,000 hivi wanaweza kukaa. Ulijengwa karibu na mahali ambapo wagonjwa walikuja kutafuta uponyaji. Baadaye udongo ukaufunika, mpaka wachimbuzi walipoanza kuufukua mwaka 1881. Mchezo wa kwanza wa nyakati zetu ulichezwa humo mwaka 1938. Viti vilivyovunjika vikatengenezwa, na tangu 1955 kuna tamasha karibu kila mwaka. Husemwa kwamba hata mnong'ono husikika hadi juu. Wataalamu walipima mwaka 2017: mnong'ono haufiki vizuri, lakini anayesema kwa nguvu anaeleweka kila mahali.

Kwa nini tunawaletea habari hii? Kwa sababu kuna mchezo wa kale wa Aiskilo, kuhusu wakimbizi walioomba hifadhi Argos, katika mkoa huo huo.

Mabinti wa Danao wamekimbia Misri ili wasiozwe kwa nguvu. Wanamwambia mfalme: bibi yetu wa zamani alizaliwa hapa, sisi ni ndugu zenu. Mfalme anaogopa. Akiwapokea, vita vitamfuata. Akiwafukuza, atakuwa amekosa mbele ya Mungu wake. Wanamsonga aamue yeye peke yake, lakini anakataa: jambo hili ni la watu wote. Anaita baraza, na Danao mwenyewe anakwenda mbele ya wenyeji. Watu wote wanainua mkono wa kuume: wakae huru, asiwepo wa kuwakamata. Tena wanapewa kuchagua, kukaa pamoja na wengine ama katika nyumba zao peke yao.

Hapo tulijisikia aibu kidogo. Sisi wenyewe tuliwahi kupanga na viongozi wachache mahali pa kuweka jamaa zilizohama, bila kuwauliza wenye mashamba. Viongozi walikubali haraka, tukafurahi. Msimu wa kulima ulipofika, ugomvi ukaanza, na waliosumbuka ni wamama waliokuwa wamekwisha kupanda maharagwe. Ilibidi turudi kuanza upya, shamba kwa shamba, kwa majuma mengi.

Michezo mingine ya mfululizo huo ilipotea. Hatuna maneno ya Aiskilo juu ya maisha ya wageni na wenyeji baada ya baraza. Basi vikundi vyenu viigize sehemu hiyo: imepita miaka miwili, kisima ni kimoja, na mwenye shamba anataka ardhi yake. Wakimbizi wacheze wenyeji, wenyeji wacheze wakimbizi. Shefu naye akubali kukaa chini asikilize mpaka mwisho, kabla ya kusema neno.