Kuchemsha Mayai Ili Yamenyeke kwa Urahisi

Mtu akiulizwa ni chakula gani kilicho chepesi kupika kuliko vyote, huenda akajibu bila ya kufikiri kwamba ni yai. Maji, moto na sufuria vikiwapo, kazi imekwisha. Lakini taabu ya yai la kuchemsha haimo katika kulipika. Imo katika kulimenya. Mara nyingi ganda hung'ang'ania ute mweupe, na likiondolewa huondoka na vipande vyake, hata yai likabaki na mashimo kana kwamba limetafunwa na panya. Nyumbani hasara hiyo ni ndogo, maana watoto watalila vile vile. Kwa mchuuzi wa mayai katika kituo cha mabasi ni jambo jingine. Yeye humenya yai mbele ya macho ya mnunuzi, akalipasua na kulitia kachumbari. Yai likitoka vibaya, mnunuzi hulikataa, na faida ya mayai kadhaa hupotea kwa sababu ya lile moja.

Wapishi wengi hutafuta dawa ya taabu hii katika chumvi, siki au magadi ya kuokea mikate. Chumvi na siki zina kazi yake: ganda likipata ufa ndani ya sufuria, husaidia ute unaovuja ugande upesi. Lakini kuachana kwa yai na ganda lake hutegemea zaidi mambo mawili, nayo ni umri wa yai, na joto la maji wakati yai linapotiwa ndani yake.

YAI LA LEO SI LA KUCHEMSHA

Ndani ya ganda zimo ngozi mbili nyembamba. Zimeshikana karibu kila mahali, ila kwenye upande mnene wa yai, ambako huachana na kufanya kijumba cha hewa. Ganda lenyewe lina maelfu ya vitundu vidogo mno, na kwa njia ya vitundu hivyo hewa na unyevu hupita. Ute wa yai jipya una hewa ya kaboni, aina ile ile ya hewa itokayo kinywani mwa mtu anapotoa pumzi. Hewa hiyo ikiwamo kwa wingi, ute ukipikwa hushikana na ngozi ya ndani wala haukubali kuachana nayo. Siku zikipita, hewa hutoka kidogo kidogo, na ute huelekea tabia ya magadi. Wataalamu wana kipimo cha uchachu na umagadi, kianzacho 0 na kuishia 14. Katika kipimo hicho ute wa yai lililotagwa sasa hivi huwa chini kidogo ya 8, na baada ya siku kadhaa hupita 9. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini inatosha kuifanya ngozi iachie.

Kwa hiyo, ajabu ni kwamba mwenye kuku wake mwenyewe huona taabu zaidi kuliko anunuaye dukani. Yai lililookotwa kiotani asubuhi ni zuri sana la kukaanga. La kuchemsha afadhali liwekwe siku 7 mpaka 10 mahali pakavu penye ubaridi, bila ya kuoshwa, kwa kuwa maji huondoa utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda na kuzuia uchafu usiingie. Kama lina uchafu, lioshwe wakati wa kupikwa tu.

Asiyejua umri wa mayai yake ayatie katika bakuli la maji baridi. Yai jipya hulala ubavu chini kabisa. Yai lililokaa kadiri ya kufaa kuchemshwa huinua upande wake mnene, au husimama wima likigusa chini, maana kile kijumba cha hewa kimekua kwa sababu ya unyevu uliotoka. Lielealo juu ni la zamani mno, nalo lisiuzwe.

MAJI YACHEMKE KWANZA

Desturi ya wengi ni kuyaweka mayai katika maji baridi na kuyapasha yote pamoja. Njia hiyo hupunguza nyufa, lakini huleta taabu ya kumenya, kwa sababu ute ukipata joto polepole hupata nafasi ya kujigandisha na ngozi. Ukipatwa na joto kali mara moja, huganda upesi na kujivuta, ukaiacha ngozi. Basi maji yachemshwe kwanza, tena yawe mengi ya kufunika mayai kwa kina cha kidole kimoja au zaidi. Mayai yateremshwe moja moja kwa kijiko kikubwa au upawa, wala yasirundikwe kwa wingi, la sivyo maji yatapoa na faida yote itapotea. Yakichemka tena, moto upunguzwe hata maji yatokote polepole.

Muda wa kupika hutegemea mahali, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mombasa, iliyo kando ya bahari, maji huchemka katika joto la digrii 100. Kila mtu apandapo kadiri ya mita 300, maji huchemka katika joto lililopungua kwa digrii moja. Nairobi, iliyo juu kwa karibu mita 1,700, huchemka kwenye digrii 94 hivi, na Nyahururu, kwenye mita 2,300 hivi, karibu digrii 92. Joto hilo latosha kabisa kuivisha yai, ila huhitaji muda zaidi. Mpishi wa bara aonapo kiini hakijakauka huongeza makaa. Hiyo ni kazi bure, kwani maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi joto kwa kuongezewa moto. Mvuke ndio unaozidi, na mayai hugongana hata yakapasuka. Kinachotakiwa kuongezwa ni dakika. Pwani, yai la kadiri ya gramu 55 hadi 60 huiva mpaka kiini kwa dakika 11 au 12. Nairobi ziongezwe moja au mbili, na huko Nyahururu mbili au tatu. Mayai ya kuku wa kienyeji mara nyingi ni madogo, nayo huwahi kuiva kidogo.

Dakika zikitimia, mayai yaondolewe motoni na kutiwa katika maji baridi papo hapo, na maji hayo yabadilishwe yakipata moto. Yakiachwa katika maji ya moto huendelea kuiva, na kiini huzungukwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichomo ndani ya kiini kukutana na kiberiti cha ute. Haina madhara yoyote, lakini mnunuzi akiiona hudhani yai limeoza, na ni vigumu kumshawishi vingine.

Maji ya kupozea yapasa kuwa safi ya kunywa. Yai linapopoa, vitu vilivyomo ndani hunywea, na maji ya nje huweza kuvutwa kupitia vitundu vya ganda, ambalo sasa halina tena ulinzi wake. Mtu ayapozaye mayai kwa maji ya mfereji mchafu ameyachafua baada ya kuyasafisha kwa moto.

Baada ya dakika 10 yai hugongwa pande zote na kuviringishwa taratibu juu ya meza, hata ganda lijae nyufa. Kumenya kuanzie upande mnene, penye kijumba cha hewa, na kidole kipite chini ya ngozi, si chini ya ganda tu. Ngozi ikiinuka, ganda huifuata. Kufanya hivyo ndani ya bakuli la maji hurahisisha kazi na kuondoa chembe za ganda.

Yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko bichi, jambo ambalo wengi hawalitazamii. Likiwa katika ganda lake hukaa siku 7 ndani ya friji, lakini nje, katika joto, halifai kupita muda wa saa 2. Mchuuzi akaaye kituoni tangu asubuhi hata jioni afadhali achemshe mayai machache machache mara kadhaa kwa siku, wala asimenye hata moja kabla mnunuzi hajaliagiza.