JIFUNZE KUCHONGA MHURI WA RANGI NYINGI



Mhuri unaujua. Umeuona kwenye stakabadhi, umeuona kwenye barua ya posta. Huo una rangi moja tu. Leo tutajifunza mhuri wa namna nyingine: mhuri wa picha, wenye rangi zaidi ya moja, uliochongwa kwa mkono katika raba. Soma polepole. Kama mwenzako yupo karibu, someni pamoja.

MASANDUKU YALIYOFICHWA

Huko Uingereza, upande wa kusini-magharibi, kuna nyika iitwayo Dartmoor. Ni nchi ya mawe, majani na matope. Mwaka 1854 mtu mmoja aitwaye James Perrott, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza wageni, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Kufika huko kulikuwa safari ngumu ya miguu. Aliyefika aliacha kadi yake katika chupa, iwe ushahidi kwamba amefika kweli.

Baadaye watu waliacha barua na kadi za posta. Aliyefuata alizichukua akazitia posta. Ndiyo maana mchezo huu ukapewa jina la sanduku la barua.

Siku hizi sandukuni mna mhuri na daftari. Mtembezi husoma maelezo ya njia, hupima hatua, hutafuta. Akilipata sanduku, hupiga mhuri wa sandukuni katika daftari lake. Kisha hupiga mhuri wake mwenyewe katika daftari la sanduku, halafu hulificha sanduku pale pale. Mwaka 1998 gazeti la Marekani liitwalo Smithsonian liliandika habari za mchezo huu, na Wamarekani wengi wakaupenda. Wengi wao huchonga mihuri kwa mikono yao.

Sanduku halina mlinzi. Mtu akiiba mhuri, kazi ya mwenzake imepotea, na watakaokuja watatembea bure. Mchezo huu unasimama juu ya uaminifu.

KILA RANGI NA MHURI WAKE

Mhuri wa rangi nyingi si mhuri mmoja. Ni mihuri kadhaa inayopigwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine.

Tuchukue mfano wa embe lenye jani moja. Tunataka embe la njano, jani la kijani na mistari myeusi. Tutachonga mihuri mitatu: wa njano, wa bluu na wa mweusi. Sasa utauliza, kijani kitatoka wapi? Bluu ikipigwa juu ya njano, hutoa kijani. Basi tumepata kijani bila wino wa kijani! Lakini wino uwe mwepesi. Rangi nzito hufunika tu, haichanganyiki.

VIFAA

Raba tatu za kufutia, kubwa, za ukubwa mmoja; kisu kidogo chenye ncha kali; penseli laini; karatasi; kijiko; kadi ngumu; kipande cha plastiki; na wino wa njano, bluu na mweusi.

HATUA ZA KAZI

1. Chora embe na jani kwa penseli juu ya karatasi. Bonyeza penseli vizuri.

2. Laza karatasi juu ya raba, mchoro ukitazama chini. Sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia kwenye raba, lakini umegeuka. Usishtuke. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiupiga, utageuka tena na kukaa sawa. Kama unataka kuweka jina lako, liandike kwenye karatasi kama kawaida. Ukiliandika moja kwa moja juu ya raba, litasomeka kinyumenyume.

3. Chonga mhuri wa mistari. Ondoa raba pembeni mwa mstari, acha mstari umesimama. Laza kisu kidogo ili mstari uwe mpana chini, mwembamba juu. Ukichimba chini ya mstari, utakatika. Penye kona, zungusha raba, usizungushe kisu. Vidole visikae mbele ya kisu. Chonga kidogo kidogo, maana raba iliyokwisha kuondoka hairudi.

4. Kata kadi iwe na umbo la herufi L. Iweke juu ya plastiki, ishike imara. Paka wino mhuri wa mistari, usukume ndani ya kona ya L, upige.

5. L isisogee hata kidogo. Wino ungali mbichi, chukua raba ya pili ambayo haijachongwa, iingize katika kona ile ile, uibonyeze. Picha itahamia kwenye raba. Fanya vivyo hivyo kwa raba ya tatu. Chora mshale mgongoni mwa kila raba kuonyesha upande wa juu.

6. Katika raba ya njano, acha embe na jani, ondoa mengine. Katika raba ya bluu, acha jani peke yake. Acha rangi ifike katikati ya mstari. Mstari mweusi utaficha kasoro ndogo.

7. Sasa piga kwenye karatasi, L ikiwa mahali pake. Anza na njano. Ngoja ikauke. Piga bluu. Ngoja tena. Mwisho piga mweusi. Rangi nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Ukianza na mweusi, njano itachafuka na mhuri wake utachafuka pia.

Ukiona jani limetoka nje ya mstari, usilaumu kisu. Kagua kona: pengine L ilisogea, au umegeuza mshale.

ONYO

Ufundi huu ni wa picha na jina lako mwenyewe. Kuchonga mhuri wa serikali, wa benki au wa ofisi ya kijiji ili kudanganya watu ni kosa la jinai. Mhuri ni neno la mtu. Asiyepewa neno hilo asiliseme.

MASWALI

1. Kwa nini James Perrott aliweka chupa?
2. Mhuri wa mistari huchongwa kwanza. Je, hupigwa lini?
3. Kijani cha jani kinapatikanaje?
4. Andika jina lako, kisha lishike mbele ya kioo. Herufi zipi hazikubadilika?