Nunua Mwanga, Usinunue Urefu

Nimesikia mchezo umekuangukia mwezi huu, mdogo wangu, na pesa haijapoa mkononi umeshaanza kuhangaika na kamera. Unavuka kwenda Unguja kwenye harusi ya shoga yako, unataka na kuzunguka Mji Mkongwe, na roho imeganda kwenye lenzi ndefu uliyoiona kwa mpiga picha wa ukumbini. Wala sikucheki. Kitu kikubwa kinatia heshima, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe. Ila kaa kitako tuongee kabla hujalipa.

Hebu niambie, hizo picha utazipigia wapi? Kama ni ufukweni mchana, simu yako inatosha, na nitakugombeza ukitoa malaki kwa ajili ya bahari ya saa saba. Kazi iko ndani. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe zinazozuia joto, na mwanga nao huishia uani. Vyumba vya chini ya ardhi pale Mkunazini, karibu na Kanisa la Kristo, ni giza hata adhuhuri. Ukumbini usiku ndiyo usiseme: taa za rangi zinazunguka, bibi harusi anacheza, mama mkwe hatulii. Simu ina ile namna yake ya usiku, inaunganisha picha nyingi kuwa moja, na kwa ukuta au mlango wa nakshi inapendeza sana. Kwa mtu anayecheza, utapata mzimu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wenu mnapopotea, na si kosa lenu, namba zenyewe zimekaa kinyumenyume. Kwenye lenzi kuna herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga unaingia kwa wingi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho inafika f/5.6. Lenzi ndogo ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake, pale ambapo ya kwanza inahitaji sehemu 1 ya 30 ya sekunde, na mchezaji anatoka kama moshi, ya pili inamaliza kazi kwa sehemu 1 ya 250 na hereni zake unazihesabu. Ukikataa lenzi ya namna hii itabidi upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na ukiipandisha kupita kiasi picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu.

Na habari njema ni kwamba hizi ndogo si ghali kama lile dude lako. Canon wana 50mm f/1.8 ya mwaka 2015, ina gramu 160 tu. Lenzi ndefu ya 70-200mm f/2.8 inaweza kukaribia kilo moja na nusu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiuona shingoni kwa mwingine unaona mwepesi, ngoja uubebe wewe kuanzia bandarini, jua kali, na begi la nguo za harusi mkono wa pili. Nakujua. Siku ya pili utaiacha hotelini.

Lakini usikimbilie hiyo 50mm kabla hujatazama kamera yako. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ndogo, na kwenye hizo za Canon 50mm inabana kama 80mm. Sebuleni utarudi nyuma hadi ugonge kabati. Kwa ndani tafuta 35mm au chini ya hapo. Nikon wana 35mm f/1.8 ya DX, yaani ya sensa ndogo, gramu 200, na kama kamera yako ni Nikon, mimi ningeanza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna mtego wa mtumba, huo umewaliza wengi. Lenzi za zamani za Nikon zenye alama ya D hazijifokasi zenyewe kwenye kamera ndogo kama D3000 na D5000 na wadogo zake, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani. Lenzi ya Canon ya RF haiingii kabisa kwenye kamera ya zamani ya EF. Muuzaji atakwambia inaingia. Mwambie aiweke mbele yako, upige, ukuze picha. Kisha mulika tochi ya simu ndani ya lenzi: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na hewa yetu ya pwani inailisha vizuri. Rudisha kitu cha watu, uondoke. Kuuliza si ujinga, na kuondoka bila kununua si dharau.

Flashi? Nunua ndogo ya kugeuza kichwa, uielekeze kwenye dari jeupe. Ukimwelekezea bibi harusi usoni utamfanya aonekane kama amepakwa unga, na hatakusamehe, mimi namjua. Dari likiwa limefunikwa vitambaa vyeusi, izime, rudi kwenye f/1.8 yako. Na kwenye nyumba za watu na za ibada, omba ruhusa kwanza.

Ukiamua kuruka badala ya boti, betri za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Kwenye boti, kamera ikae ndani ya mfuko uliofungwa, maji ya chumvi hayana urafiki. Na ile lenzi ndefu, kama umeshaweka oda, piga simu leo uifute kabla hawajaituma.