Neno "Advertence" na Asili Yake

Wanafunzi wengi wanalijua neno la Kiingereza "inadvertently", maana yake kwa kughafilika. Lakini ni wachache wanaolijua neno "advertence", ambalo ni kinyume cha kughafilika huko. Maana yake ni uangalifu, yaani hali ya mtu kuweka akili yake juu ya jambo.

Asili yake ni Kilatini. "Ad" maana yake ni kuelekea, na "vertere" ni kugeuza. Warumi walipotaka kusema kwamba mtu ameangalia jambo, walisema "animum advertere", yaani kuigeuza akili kulielekea jambo hilo. Baadaye neno likapita katika Kifaransa cha zamani, ndipo likafika katika Kiingereza.

Ndugu yake mmoja tunaonana naye kila siku. Neno "advertise" hapo kale lilikuwa na maana ya kuangalia. Kisha likawa kumwarifu mtu. Na leo ni kutangaza biashara. Tangazo nalo lina kazi gani, kama si kukugeuza shingo ulitazame?

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Sisi hutega sikio, kama vile mwindaji ategavyo mtego wake akangoja kwa utulivu. Tena husema kwamba fulani anasikia lakini hasikilizi.

Basi, msidhani kwamba "advertence" ni neno la sifa siku zote. Tuseme dereva amekwenda mbio mbele ya shule, akamgonga mtoto. Wanasheria wa Kiingereza watauliza: Je, aliijua hatari akaidharau, au haikumpitia akilini hata kidogo? Uzembe wa kwanza huitwa "advertent", na wa pili "inadvertent". Wa kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa mzito zaidi, kwa sababu akili yake iligeuka ikaona, lakini mguu haukuondoka kwenye mafuta. Kuangalia ni mwanzo tu. Aliyeona hana tena udhuru wa kusema kwamba hakujua.

Zoezi: Tafuteni katika kamusi maneno "convert", "divert" na "invert". Kwa kila neno, elezeni kwa Kiswahili chenu wenyewe ni kitu gani kinachogeuzwa, na kinageuzwa namna gani.