Baba Akishazikwa, Kazi ya Kumkumbuka Inaanza

Somo: Mwanzo 47:27–31, 50:1–21
Mstari wa kukariri: Mithali 10:7

Wiki hii tunaangalia jambo ambalo karibu kila nyumba katika ushirika wetu imelipitia au italipitia: kumkumbuka baba aliyetutangulia. Wakati wa matanga tunajua la kufanya. Kamati inakaa, michango inaingia kwa M-Pesa, wasifu wa marehemu unasomwa, hema na viti vinarudishwa kwa mwenyewe. Lakini wageni wakishaenda, mwenye msiba anabaki na swali lake: sasa huyu mzee nitamkumbuka vipi?

Nauliza hivyo kwa sababu nilimzika babangu mwaka jana. Alikuwa baba, na kadiri nilivyokua akawa rafiki. Nikiwa mdogo nilimwogopa kidogo, kama wengi wetu. Nilipooa ndipo tukaanza kuongea kama watu wawili. Jioni alikuwa akinipigia simu, na maswali yake yalikuwa yale yale: "Mmekula? Watoto wako sawa?" Namba yake bado iko kwa simu yangu.

Hebu tuhesabu pamoja. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipotengwa na babake (37:2). Yakobo alifika Misri akiwa na miaka 130, akafa akiwa na 147 (47:9, 28). Hiyo ni miaka 17 tena! Ile ya kwanza Yusufu alikuwa mtoto. Hii ya pili alikuwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto wake. Ni katika hii ya pili ndipo Yakobo alimwita akamwomba, kama mtu anavyomwomba rafiki anayemwamini, asimzike Misri. Kama baba yako yuko hai leo, mpendwa, hiyo miaka ya pili bado unayo. Itumie.

1. Kulia si kukosa imani

Yusufu alikuwa mkubwa wa pili katika nchi nzima ya Misri, lakini alimwangukia babake, akalia na kumbusu (50:1). Wamisri wakaomboleza siku 70. Walipofika uwanja wa Atadi, wakaomboleza tena siku 7. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Mungu alimkemea.

Siku hizi mtu akilia siku mbili tatu tunamwambia, "Jikaze, wewe ni mtu wa imani." Kwa mwanamume ndiyo mbaya zaidi, ati akilia ni aibu. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na alijua anaenda kumfufua (Yohana 11). Naye Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakatazi huzuni. Anachokataza ni huzuni ya mtu asiye na tumaini. Sisi tunalia tukijua kuna asubuhi ya ufufuo.

2. Heshima ya kweli ni kutimiza neno lake

Yusufu aliahidi, akatimiza. Aliomba ruhusa kwa Farao, akasafiri mpaka Kanaani, akamzika Yakobo katika pango la Makpela, lile ambalo Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha (Mwanzo 23). Kisha akarudi, kama alivyomwahidi Farao.

Babangu aliacha daftari ndogo. Ndani aliandika anachodaiwa: pesa ya mbolea dukani, na magunia mawili ya mahindi ya jirani. Alikuwa ametuambia hayo yalipwe kwanza. Wengine katika familia walitaka tuanze na kaburi la simiti na vigae. Tukalipa deni. Kaburi bado ni udongo na maua ambayo Mama alipanda, na jirani anatusalimia vizuri. Wapendwa, vigae si dhambi, lakini jina la mzee linalindwa zaidi na neno lake kuliko na vigae.

3. Usiache amani izikwe pamoja naye

Angalia mstari wa 15. Yakobo amezikwa, na mara ndugu zake Yusufu wanaingiwa na hofu. Wanafikiri, kumbe alikuwa anatuvumilia tu kwa sababu mzee yuko! Yusufu alipopata ujumbe wao alilia tena. Hakulipiza kisasi. Aliwatuliza, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao.

Tuseme ukweli, hapa ndipo nyumba nyingi za Wakristo huvunjika. Shamba linapimwa kwa kamba kabla machozi hayajakauka. Mjane anaambiwa atoke. Dada walioolewa wanaambiwa hawana lao. Ukiwa mtu aliyeokoka, ujue hata Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike, na inamtambua mjane. Tena, kugawa au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa. Sisi tulipokutana, mmoja alitaka tuanze na mpaka. Ndugu yetu mkubwa akasema, "Tuanze na Mama. Nani atampeleka kliniki ya presha? Nani atanunua dawa?" Tuligawana hiyo kazi kwanza. Shamba likangoja, na wala halikukimbia.

4. Watafute rafiki zake

Mithali 27:10 inatuonya tusimwache rafiki wa baba. Daudi naye, Yonathani alipokufa, hakuishia kwa maombolezo. Alimtafuta mwanawe Mefiboshethi, aliyekuwa kilema, akamketisha mezani pake (2 Samweli 9). Kuna mzee mmoja aliyezoea kunywa chai na babangu kila Jumamosi. Siku hizi nikienda nyumbani napitia kwake. Ananiambia habari za baba ambazo sikuwahi kuzisikia.

Labda wewe baba yako hakuwa rafiki. Pole sana. Biblia haimfanyi Yakobo malaika. Inasema wazi alipendelea mtoto mmoja, na nyumba ikaumia. Kumbuka lile jema ulilopata, lingine mkabidhi Mungu, na wewe uwe baba wa namna nyingine.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni neno gani la mzazi wako ambalo bado halijatimizwa?
2. Katika familia yenu, nani ana hofu tangu baba aondoke? Utamtuliza vipi?
3. Ni mjane yupi katika kundi letu hajatembelewa tangu mazishi? Nani ataenda wiki hii?

Tuombe: Baba wa mbinguni, asante kwa baba zetu uliotupa kwa muda. Wafute machozi wanaolia usiku. Utupe kulipa, kusamehe na kutunza waliobaki, mpaka siku ile tutakapoonana. Katika jina la Yesu. Amina.